Kushoto, Kwenye Vilima vya Shropshire

Kwanza nilisikia kitambaa kikichanwa. Kilichanwa polepole, kipande baada ya kipande, kama mtu anayegawa doti ya kanga kwa mikono kwa sababu mkasi umepotea. Sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya njia, na ua wa michongoma pande zote mbili ulikuwa umenipita urefu. Uingereza yote niliyokuwa nimeiona mpaka dakika ile ilikuwa uwanja wa ndege na chumba cha wageni. Papa Ilunga, aliyekuwa mbele yangu, akasimamisha baiskeli, akaweka mguu chini.

"Mama Rehema, unasikia?"

"Nasikia mtu anachana nguo."

"Ile haiko mutu. Ngoja kidogo."

Tukangoja. Ukungu ukaachia kidogo, na kwenye tundu la ua, karibu kabisa na bega langu, akatokeza ng'ombe mwekundu, majani yananing'inia mdomoni. Ndiye aliyekuwa akichana. Nyuma yake kulikuwa na kundi zima, vichwa chini, wanang'oa nyasi zenye umande. Papa Ilunga alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

"Huku sikio ndiyo inafika mbele," akaniambia. "Jicho inakuya nyuma."

Mmeniomba njia, ninyi vijana mnaokutana Jumamosi asubuhi karibu na reli, hapa Riverdale Park, Maryland, mkiwa na baiskeli nyepesi kuliko mikoba yenu. Mmesikia kwamba niliishi kwa kuongoza safari za baiskeli vijijini Uingereza, na sasa mnataka kwenda wenyewe. Mmoja wenu aliniambia, "Shangazi, wewe tutumie tu njia, sisi tutai-load kwenye simu." Nitawatumia. Lakini simu itawaambia mkate kona wapi, basi. Haitawaambia ni saa gani ya siku mwili wako utakusaliti, wala umwambie nini mtu unapotaka kumshusha kwenye baiskeli yake. Hayo nayaandika hapa, kama yanavyonijia. Kumbukumbu zangu hazijawahi kukaa kwenye foleni.

Nilianza kwa kuosha minyororo. Kampuni ilikuwa ndogo, karakana moja kando ya Barabara Namba Moja, na kila kiangazi ilipeleka Wamarekani kutembea kwa baiskeli huko Shropshire, Herefordshire na vilima vya Cotswold. Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, ndiye alikuwa fundi na ndiye alikuwa kiongozi wa safari. Siku moja alinikuta nasugua mnyororo kwa mswaki wa zamani wa mwanangu, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Tanga, baba yangu alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli. Kesho yake alinipa spana.

Baadaye watu wetu nao wakaanza kuuliza, na kampuni ikakubali kuwe na safari moja kila mwaka ya wanaozungumza Kiswahili. Walikuja wauguzi kutoka Wheaton, madereva, watu wa ubalozi, na mama mmoja wa Unguja aliyebana baibui lake kwa vibanio vya kuanikia nguo na kutuacha wote nyuma. Watu wale walikuwa na Kiswahili cha kila namna, na chakula cha kila namna pia. Kuna bwana mmoja alibeba chupa ya chai ya tangawizi kwenye karia siku zote, kwa hiyo kila tulipofika kwenye mkahawa wa chai yeye alikaa nje, ameridhika, anatuhurumia.

Sasa vilima. Mnadhani kinachochosha ni mlima mrefu. Mlima mrefu unajitangaza, unauona tangu mbali, unajipanga. Kule hakuna milima hiyo. Kuna vilima vidogo vinavyofuatana kama mawimbi ya nguo juu ya kamba, na kila kimoja ni kidogo kiasi cha kukudanganya kwamba huna haja ya kubadilisha gia. Kufika saa sita mchana magoti yako yameshajua ukweli. Papa Ilunga alikuwa na sheria yake: badilisha gia ukiwa bado unacheka. Ukishakunja uso umechelewa, cheni itakataa na utashuka kusukuma mbele ya kondoo.

Na mteremko usikufurahishe kupita kiasi. Chini ya mteremko kuna kijito, juu ya kijito kuna daraja la mawe, daraja liko kwenye kona, na baada ya kona trekta limemwaga tope asubuhi hiyo. Nimewahi kuokota watu wazima wenye shahada kwenye tope hilo, na nimewahi kuokotwa.

Mazoezi tulifanyia Upper Marlboro, huku huku Maryland. Siku za Jumamosi maegesho ya mahakama yako wazi, tulikuwa tunaacha magari pale na kuingia kwenye barabara za mashamba ya zamani ya tumbaku. Vilima vyake ni binamu wa vile vya Shropshire, ila havina ua, na jua lake halina adabu. Nendeni mkaanzie huko. Mkiweza kupanda na kushuka huko asubuhi nzima huku mnaongea, mtaweza.

Jambo jingine ni salamu. Mwaka wetu wa kwanza tulimkuta mkulima ameegemea geti la shamba lake. Wa kwanza wetu akashuka, akampa mkono, akamuuliza hali, akamuuliza na ya nyumbani. Wa pili hakutaka kuonekana hana malezi, naye akashuka. Basi tukapanga mstari, kila mtu anampa mkono, na nyuma yetu kwenye ile njia nyembamba likasimama trekta, likasimama gari la posta, wakasimama wanawake wawili juu ya farasi. Mkulima alikuwa mwekundu kama nyanya. Tulipomaliza, Papa Ilunga akatuuliza, "Munamupa pole ya nini? Yeye amefiwa?" Tangu siku hiyo tulikubaliana anayetangulia husalimia kwa niaba ya wote, wengine wanainua mkono. Lakini msiwapite watu bila salamu. Mkulima uliyemsalimia ndiye atakayekwambia daraja la mbele limefungwa. Simu itajua wiki ijayo.

Nije sasa kwenye kosa letu, kosa ambalo kundi la Wamarekani haliwezi kulifanya, na la Waingereza haliwezi.

Kule Upper Marlboro tulifundishana kuitana. Wa nyuma akisikia gari anasema, "Gari nyuma," na sauti inapokezwa mpaka mbele, kila mtu anasogea ukingoni. Tulifanya hivyo majira yote ya kuchipua mpaka ikawa kama kupiga chafya. Tukafika Shropshire, ambako watu huendesha kushoto, si kulia kama hapa Maryland. Siku ya kwanza, tumetoka tu kupumzika kando ya kanisa, mtu wa mwisho akasema, "Gari nyuma." Nusu ya kundi ikaenda kushoto. Nusu ikaenda kulia. Tuligawanyika kama pazia, na katikati akapita bibi mmoja ndani ya gari dogo la kijani, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, mikono yote miwili imeshika usukani kama anaomba dua.

Wamarekani wote wangekwenda kulia, wakakosea pamoja, na dereva angejua la kufanya. Sisi tulikuwa watu wa kila upande. Jioni ile Papa Ilunga akatuuliza mmoja mmoja mezani swali moja: ulijifunza baiskeli wapi? Hakutaka kujua umezaliwa wapi wala leseni yako ni ya wapi. Waliojifunza Moshi, Kisumu, Unguja, miili yao ilikwenda kushoto. Waliojifunza Bukavu au Maryland walikwenda kulia, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwili unakumbuka barabara uliyoangukia mara ya kwanza. Unaweza kuuzoesha upande mwingine asubuhi nzima, lakini ukipumzika, ukila, ukicheka kidogo, halafu ukashtuka, mwili utarudi kwao.

Kwa hiyo chukueni haya mawili. La kwanza, msiseme "gari nyuma." Semeni, "Kushoto, gari." Upande uje kwanza, sababu baadaye. La pili, hatari haiko kwenye uchovu wa jioni. Iko kwenye dakika za mwanzo baada ya kupumzika. Mkitoka kwenye mkahawa, mkitoka getini, aliye mbele awe mtu wa kushoto tangu utotoni, na ninyi mliozaliwa huku mkae katikati, mkiwa mmefunga midomo mpaka kona ya kwanza ipite.

Haya nayasema kwa sababu ya Mzee Mwakio.

Mzee Mwakio alikuwa Mtaita, muuguzi mstaafu, anakaa Wheaton kwenye ghorofa zile za karibu na stesheni. Alipokuwa kijana alipelekwa kusomea uuguzi Shropshire, akawekwa chini ya muuguzi wa vijijini aliyeitwa Edith. Wagonjwa wao walitawanyika vilimani, na gari lilikuwa moja, la daktari. Baiskeli hakuijua. Bi Edith alimshikia kiti kwa nyuma, akamkimbiza kwenye njia ya kijijini kwake mpaka akajua, na kwa miaka yake yote kule alizunguka na mkoba wa dawa kwenye karia. Walipokuwa wazee waliendelea kupigiana simu. Mzee alimwambia, "Nitakuja kukuona, na nitakuja kwa magurudumu yangu."

Tatizo lilikuwa macho. Yalikuwa yanafunga kutoka pembeni, kama mapazia mawili yanayosogeleana. Katikati aliona vizuri, angeweza kusoma gazeti, lakini mtu akisimama ubavuni kwake hakuwepo. Gari alikuwa ameshaacha mwenyewe. Daktari alimwambia baiskeli nayo inakaribia mwisho wake. Alikuja mazoezini Upper Marlboro masika mazima bila kukosa, na hakunificha kitu. Nilimkubali kwa masharti kwamba siku nitakayosema basi, iwe basi.

Alikuja na binti yake Zawadi, aliyezaliwa Maryland, aliyejifunza baiskeli kwenye maegesho ya maduka makubwa ya Wheaton. Zawadi alikuwa hodari kuliko wengi wetu. Alikisikia Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili msome kwa mkupuo mmoja.

Siku moja kabla ya kufika kwa Bi Edith, tulikuwa tumepumzika kwenye geti la shamba, tumekula matufaha, tumecheka. Tukapanda. Nyuma nikasikia lori la maziwa, nikapaza sauti, "Kushoto, gari." Mzee Mwakio alikuwa ameshasogea ukingoni, karibu na ua, hata kabla sijamaliza. Zawadi alikwenda kulia. Alikwenda bila kusita, kama mtu aliyeitwa jina, akakata mbele ya lori, na lori likafunga breki mpaka maziwa yakasikika yakipiga ukuta wa tangi. Yeye akaishia mtaroni kwenye yale majani yao yanayowasha. Hakuumia, ila mikono na magoti yalijaa vipele.

Jioni, kabla ya chakula, alinikuta nje ya nyumba ya wageni nikikagua matairi.

"Anti, kesho muweke Dadi kwenye vani ya mizigo."

"Aliyeingia mtaroni ni wewe, mwanangu."

"Ndiyo maana nasema. Mimi naona kila kitu, na lori limekaribia kunibeba. Yeye je? Akipata dereva asiyefunga breki? Mwambie wewe. Mimi akiniangalia bado ananiona nimevaa sare ya shule."

"Na ahadi yake kwa Bi Edith?"

"Bi Edith anamtaka mzima. Hajali amefika kwa baiskeli au kwa punda."

Mlango ukafunguka, Mzee Mwakio akatoka, vidole vyake vinapapasa ukuta kidogo kama mtu asiyetaka uonekane anapapasa.

"Nikikuta wanawake wawili wananong'ona juu yangu," akasema, "huwa ama naozeshwa ama nazikwa. Leo ni lipi?"

"Leo unapandishwa kwenye gari, Mzee," nikamwambia.

Akakaa kwenye ngazi.

"Lile lori sikuliona," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini nililisikia tangu liko ng'ambo ya kilima, linapunguza gia. Mama Rehema, Edith ndiye aliyenishikia kiti nikiyumba. Siombi safari nzima. Naomba njia ya kesho, mpaka mlangoni kwake. Mpaka hapo tu."

"Na ukianguka, Dadi?"

"Nitaanguka upande wa kushoto."

Zawadi hakucheka. Aliingia ndani.

Nilimfuata Papa Ilunga. Wakati huo magoti yake yalikuwa yamemshinda, akawa anaendesha vani yetu, mimi ndiye naongoza. Nilitaka aamue yeye.

"Ni wewe iko mbele," akasema. "Miye niko chauffeur tu." Akaendelea kufunga kamba za mizigo. Nilipokuwa naondoka akaongeza, kwa Kiswahili chake ambacho kutosha ni kutoa na velo ni baiskeli, "Mutu ukimutosha ku velo kwa nguvu, atabakia anaendesha mu kichwa mpaka siku ya kufa. Lakini akikufa ku barabara, ni wewe utabakia unaendesha mu kichwa. Chagula."

Vijana, hiyo ndiyo kazi. Pancha mtajifunza kwa mchana mmoja.

Niliitandika ramani mezani, ile ya karatasi, kwa sababu kwenye karatasi unaona kilima kizima pamoja na majirani zake. Njia niliyokuwa nimepanga ilikata barabara kuu mara moja, kwenye kipilefti, ule mzunguko wa magari, halafu ikapanda kwa Bi Edith. Kipilefti ndicho kilichoninyima raha. Pale magari yanakuja kutoka pembeni, na pembeni ndiko Mzee Mwakio hakuwa nako. Nikafuata kwa kidole mistari ya mwinuko, nikakuta njia nyingine, ya kuzunguka nyuma ya msitu. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na vilima vya ziada, lakini ilipita chini ya barabara kuu kwa daraja la zamani la reli, na malori hayakuruhusiwa. Chagueni njia kwa ajili ya mtu anayepita. Njia fupi ni ya nani, njia nzuri ni ya nani, hayo ndiyo maswali. Simu haijui umekuja na nani.

Asubuhi niliwatanguliza wengine wote. Nyuma tukabaki watatu: Zawadi mbele, baba yake nyuma yake, mimi mwisho. Sheria yangu ya nani atangulie niliivunja makusudi; nilitaka yeye awe macho ya baba yake.

"Utaongea," nikamwambia Zawadi. "Kila unachokiona njiani, ukiseme kabla hakijafika. Usinyamaze. Yeye atafuata sauti yako."

"Niseme nini saa zote hizo?"

"Kilichopo."

Mwanzoni aliongea Kiingereza, na aliongea kwa hasira, sentensi ndefu ndefu: kwamba kuna kona inakuja upande wa kushoto, na kuna shimo, na kama kuna mtu anataka maoni yake juu ya mpango huu basi anayo. Mzee Mwakio aliyumba mara moja, akakaa sawa. Tukapita chini ya daraja la reli, baridi, maji yanadondoka. Tukaanza kupanda.

Mnajua pumzi inavyokuwa kwenye kilima cha tatu. Sentensi ndefu zikamkatikia. Akabaki na maneno mafupi, na maneno mafupi aliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa yale ya Upper Marlboro, tuliyokuwa tukiitana masika yote. "Shimo. Kulia kwako." Akavuta pumzi. "Changarawe. Kona." Nikamsikia baba yake akiitikia, kwa sauti ya chini, "Naam." Kisha akaanza kutaja na vitu visivyo hatari. "Kondoo. Kondoo wengi. Geti, bluu. Mti umeanguka, uko shambani." Miaka yote ile ya kusikia bila kujibu, kumbe maneno yalikuwa yamekaa tu. "Kuna mlima mwingine, Dadi. Pole."

"Naam. Nauonja."

Katikati ya kupanda, Mzee Mwakio akasema, "Zawadi. Trekta." Mimi sikuwa nimelisikia. Zawadi hakuwa amelisikia. Halafu nikalisikia, mbele, nyuma ya kona. Nikaliona bega la Zawadi likitaka kwenda kulia. Nililiona kabisa, kama mnyama anayevuta kamba. Akasaga meno, akajisukuma kushoto mpaka michongoma ikamkwaruza mkono, na akabaki huko, akiwa amesimama. Trekta likatokeza, likapunguza mwendo, dereva akazima injini kabisa ili tupite. Zawadi ndiye aliyetangulia, kwa hiyo Zawadi ndiye aliyemsalimia kwa niaba yetu. Alimuuliza na hali ya nyumbani.

Nyumba ya Bi Edith ilikuwa juu, mwisho wa njia, na geti lake lilikuwa wazi, nguzo mbili za mawe. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Zawadi alimwona, akapita getini, akashuka, na kwa furaha ya kufika akanyamaza.

Ndipo Mzee Mwakio alipogonga nguzo. Hakugonga kwa nguvu. Mpini wa kulia uligusa jiwe, baiskeli ikageuka, akaweka mguu chini, akasimama. Nguzo ilikuwa pana kuliko mimi. Alinyoosha mkono, akaipapasa, kutoka juu kwenda chini, kama anavyopapasa mtu jino jipya kwa ulimi.

Bi Edith akaja taratibu, akainama kwa shida, akaangalia baiskeli kabla ya kumwangalia yeye.

"Cheni bado huipaki mafuta," akasema.

"Ulinifundisha vibaya," akamjibu, na wakashikana mikono pale getini, hawakuachana mpaka birika lilipoanza kulia ndani.

Wengine walikuwa wameshakunywa chai yao na kushuka upande wa pili, kuelekea mjini. Papa Ilunga alikuwa ameegesha vani nje. Tulikaa jikoni kwa Bi Edith. Wale wawili walizungumza juu ya wagonjwa waliokufa zamani, nani alikuwa na mbwa mkali, nani alilipa kwa mayai. Zawadi aliwasikiliza, vipele vyake vya jana vikiwa chini ya mchubuko mpya. Mara kwa mara aliangalia dirishani, kule njia ilikoshukia, nyeupe, ndefu, imeoshwa na jua.

"Dadi," akasema wakati tulipokuwa tunajiandaa. "Ile ni ya kushuka tu. Tutakwenda polepole. Nitaongea mpaka chini, sitanyamaza tena." Halafu akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya Wheaton, "Nitakuambia kila kitu."

Mzee Mwakio alimgeukia, akasogeza kichwa kidogo mpaka akampata usoni, katikati ya pale alipokuwa anaona.

"Najua utaniambia," akasema. "Umeniongoza vizuri, mama. Nimefika nilikokuwa nakwenda."

Kofia yake ngumu ilikuwa mezani, kati ya vikombe. Aliichukua, akampa. Zawadi akaipokea kwa mikono yote miwili. Nilisimama ili nimshike mkono mzee mpaka kwenye gari, na Bi Edith, bila kuniangalia, akagonga mguu wa kiti changu kwa fimbo yake, kwamba nikae. Nikakaa.

Alimuaga Bi Edith kwa kumwinamia. Akatembea kuvuka jikoni, mkono mmoja mbele kidogo, akapata kizingiti, akapata kitasa. Nje tulimsikia Papa Ilunga akifungua mlango wa mbele wa vani na kumwambia, "Karibu, Papa, kiti ya patron iko yako." Zawadi alikuwa bado amesimama na ile kofia kifuani. Mlango wa Bi Edith ulikuwa wa mbao nzito, wa kujirudia wenyewe. Ulirudi polepole, ukajifunga nyuma yake.